Nionyeshe mstari: Kiingereza cha Exetat na kazi ya mama nyumbani



Kila mwaka matokeo ya Exetat yakitoka, barabara zetu zinajaa poda nyeupe. Watoto wanapakwa kichwani, wanaimba, wanabebwa. Lakini katika nyumba ya pili kuna mtoto aliyejifungia chumbani. Mama yake alilipa minervali miaka sita ya sekondari, akalipa gharama za mtihani, akauza hata kitenge chake kizuri, na sasa haelewi ni wapi mambo yaliharibika. Akimwuliza mtoto, mara nyingi atasikia: “Mama, Kiingereza kilinishinda.”

Juma hili tunapenda kuongea juu ya hicho Kiingereza, na zaidi ile sehemu ambayo mtoto anapewa maandishi, anayasoma, kisha anajibu maswali. Tunamwandikia hasa mama ambaye hajui Kiingereza hata neno moja. Mama huyo ana kazi kubwa ya kufanya, na anaiweza.

MTIHANI UNAULIZA NINI?

Exetat ilianza mwaka 1967, na mpaka leo ndiyo mlango wa chuo kikuu katika Congo yetu. Bila diploma ya Serikali, mtoto haandikishwi Lubumbashi, Kisangani, Bukavu wala kwingineko. Mtihani wenyewe unachukua siku nne: siku ya maarifa ya jumla, siku ya sayansi, siku ya lugha, na siku ya masomo ya option aliyochagua. Siku ya lugha ndiyo ya Kifaransa na Kiingereza.

Tuelewane hapa, kwa sababu watoto wengi wanaogopa bure. Siku hiyo hakuna mtu atakayemwomba mtoto aongee Kiingereza. Anapewa karatasi, anasoma, na kwa kila swali anachagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa. Mtoto anayetetemeka akiombwa kusema sentensi mbili anaweza kusoma vizuri sana. Kusoma ni kazi ya macho, akili na uvumilivu, na kunazoezwa kama kusuka: leo vidole vinakwama, baada ya miezi sita vinakwenda vyenyewe.

Faida yake haiishi siku ya mtihani. Kwenye chuo kikuu masomo ni ya Kifaransa, lakini vitabu na kazi nyingi za utafiti ambazo mwanafunzi wa utabibu, wa kilimo au wa informatiki atazihitaji zimeandikwa kwa Kiingereza. Tena, tangu mwaka 2022 nchi yetu ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, pamoja na Uganda, Kenya, Tanzania na Rwanda, ambako Kiingereza ni lugha ya ofisi na ya masomo. Na wale wa Katanga wanajua: ukivuka Kasumbalesa tu, karatasi zote za Zambia ni za Kiingereza.

MTEGO UKO WAPI?

Tuchukue mfano mdogo tuliojitungia wenyewe. Mtoto anasoma hivi:

Mama Furaha used to go to the lake every morning to buy fish. Since her leg began to hurt, her son has gone in her place.

Maana yake: zamani Mama Furaha alikuwa akienda ziwani kila asubuhi kununua samaki, tangu mguu wake uanze kuuma, mwana wake ndiye anayekwenda kwa niaba yake. Swali linakuja: ni nani anayenunua samaki ziwani sasa?

Mtoto mwenye haraka anaona jina la Mama Furaha, anaona ziwa, anaona samaki, vyote katika mstari mmoja. Anaandika: Mama Furaha. Amekosa. Hakukosa kwa sababu hajui Kiingereza. Maneno yote yalikuwa mepesi. Amekosa kwa sababu ameruka vipande viwili vidogo: used to, yaani zamani alikuwa akifanya, lakini sasa hapana, na in her place, yaani mahali pake.

Ndiyo maana walimu wanarudia kila siku kwamba watoto wajihadhari na maneno madogo: not (si), never (hata siku moja), but na however (lakini), although (ingawa), only (tu), except (isipokuwa). Hilo la mwisho ni hatari sana likikaa ndani ya swali. Mtoto anaulizwa, “Yote haya ni kweli isipokuwa lipi?” Yeye anaona jibu la kweli, anafurahi, analichagua, kumbe alikuwa anatafutwa mwongo.

Kuna mtego mwingine unaotoka katika Kiswahili chetu wenyewe. Sisi tukisema “alikuja”, hatujui kama ni mwanaume au mwanamke. Kiingereza kinatenga: he ni mwanaume, she ni mwanamke, it ni kitu. Mtihani unapenda kuuliza neno hilo linasimamia nani. Mtoto azoee kurudi nyuma katika sentensi na kumtafuta mwenyewe.

NDUGU WA KWELI NA NDUGU WA UONGO

Mtoto aliyesoma kwa Kifaransa ana bahati moja: maneno mengi ya Kiingereza yanafanana na yale anayoyajua. Population, education, important, question: hayo anayaelewa bila kufungua kamusi. Asiyadharau, ni mali yake.

Lakini ndani ya familia hiyo kuna ndugu wa uongo. Library ya Kiingereza ni mahali pa kuazima vitabu, wakati librairie ya Kifaransa ni duka la vitabu. Actually maana yake “kwa kweli”. Actuellement ni “sasa hivi”. Eventually ni “mwishowe”; éventuellement ni “pengine”. Journey ni safari. Journée ni siku nzima. Lecture ya Kiingereza ni somo la mwalimu mbele ya wanafunzi; kwa Kifaransa ni kusoma. Mtoto afungue kaye moja ndogo ya ndugu wa uongo, aandike kila anayemkuta, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili maana kwa Kiswahili.

AINA TANO ZA MASWALI

Ukiyatazama maswali ya kusoma maandishi, utaona karibu yote yanaingia katika vikapu vitano.

Cha kwanza ni jambo lililoandikwa wazi: nani, wapi, lini, kwa nini. Hapa mtoto aweke kidole kwenye mstari wenye jibu.

Cha pili ni maana ya neno. Asikimbilie maana aliyoizoea. Achukue kila jibu alilopewa, aliweke mahali pa neno lile ndani ya sentensi, asome tena. Lisilokaa vizuri aliache.

Cha tatu ni neno linalosimamia mtu au kitu, kama tulivyosema: he, she, it, they.

Cha nne ni wazo kubwa au kichwa kinachofaa. Wamama, hili ni kama kifuniko cha sufuria. Kifuniko kidogo kinaanguka ndani: ni jibu linalogusa aya moja tu. Kikubwa mno kinaning’inia nje: ni jibu linaloongea mambo ambayo maandishi hayakutaja. Mtoto atafute kinachofunika sufuria yote.

Cha tano ni jambo ambalo halikuandikwa lakini linaeleweka. Mtu akiingia nyumbani na viatu vimejaa matope, hajasema kama mvua imenyesha huko alikotoka, lakini wewe umeelewa. Hata hapa kuna mstari unaotoa matope hayo. Jibu lisilo na mstari wowote wa kulishikilia ni ndoto ya mtoto mwenyewe.

MAMA AFANYE NINI?

Mama, maneno yako ni mawili tu: “Nionyeshe mstari.”

Mtoto akimaliza zoezi, kaa naye. Mwambie akueleze kwa Kiswahili yale aliyosoma, kama anavyokueleza habari za njiani. Akiweza kukueleza tangu mwanzo mpaka mwisho, ameelewa. Akianza kuzunguka na kusema “ni mambo ya... ya kiafya hivi”, hajaelewa, na wewe umeligundua bila kujua Kiingereza. Kisha chagua swali moja, umwulize: “Jibu hili umelitoa wapi? Nionyeshe mstari.” Aweke kidole, akusomee, akupe maana. Mtoto aliyezoea kumwonyesha mama yake mstari, siku ya mtihani ataujionyesha mwenyewe.

Usicheke akikosa, wala usimlinganishe na mtoto wa jirani. Mtoto anayeogopa aibu anaanza kudanganya, na kazi yote inapotea.

Na vitabu je? Maswali ya miaka iliyopita yanapatikana shuleni na sokoni. Familia tatu au nne zinaweza kununua kitabu kimoja na kukizungusha. Zaidi ya hayo, Kiingereza kiko jikoni kwako. Tazama pakiti ya sabuni kutoka Uganda, ya biskuti kutoka Zambia, kopo la maziwa ya unga, karatasi iliyo ndani ya sanduku la dawa. Mpe mtoto, umwambie: “Hii inasema nitie vijiko vingapi? Mtoto wa miaka mingapi haruhusiwi dawa hii?” Hayo ni maswali ya kusoma maandishi kamili, na hayagharimu hata franka moja.

SAA YA MSICHANA

Hapa tuongee kwa ukweli, sisi kwa sisi. Katika nyumba nyingi kijana akirudi shuleni anafungua kaye. Dada yake, naye yuko mwaka wa mwisho wa humanite, anachukua bidoni kwenda kuteka maji, anarudi kuwasha makaa, anasonga bugali, anaosha vyombo, analaza wadogo. Anapokaa kusoma ni usiku, umeme umekatika, macho yamechoka. Halafu tunashangaa kwamba kaka amefaulu na dada amekosa.

Kusoma maandishi ya lugha ngeni kunahitaji akili isiyochoka. Hakuwezekani katikati ya sufuria mbili. Kwa hiyo tunaomba kila mama mwenye msichana wa mwaka wa mwisho ampe nusu saa ya mchana, kabla jua halijazama, ambayo hakuna mtu anamtuma. Vyombo vioshwe na kaka. Maji ya siku hiyo yatekwe na mwingine. Na baba wa nyumba aambiwe, ili asiwe yeye wa kwanza kumwita.

MAJIBU YA KUNUNUA

Mtihani ukikaribia, watu wanazunguka wakiuza “majibu” kwa simu. Mama, hiyo pesa usiitoe. Simu hairuhusiwi katika chumba cha mtihani. Karatasi zinatolewa kwa serie tofauti, hata jirani wa mtoto wako anaweza kuwa na maswali mengine. Anayekuuzia majibu leo, kesho humwoni tena, na mtoto aliyeyategemea ameacha kusoma tangu siku ulipolipa. Pesa hiyo inaweza kumlipa mwalimu wa Kiingereza Jumamosi kadhaa, akiwafundisha watoto wa kikundi kizima.

MPANGO WA JUMA MOJA

Tunapendekeza hivi, kwa nusu saa kila siku:

– Jumatatu: maandishi mafupi, kusoma mara mbili bila kamusi, kisha kumweleza mama kwa Kiswahili.
– Jumanne: maswali ya maandishi yale yale, kwa kuonyesha mstari wa kila jibu.
– Jumatano: maneno kumi mapya kwenye kaye, kila neno ndani ya sentensi yake. Mtoto atazame pia familia ya neno: kama sisi tunavyosema soma, msomaji, somesha, wao wanasema teach, teacher, teaching.
– Alhamisi: pakiti na karatasi za nyumbani.
– Ijumaa: maandishi mapya, saa ikiwa mezani. Swali gumu aliwekee alama, aendelee, alirudie mwishoni.
– Jumamosi: watoto wa kikundi pamoja, kulinganisha majibu. Anayetofautiana na wengine aonyeshe mstari wake. Pengine yeye ndiye mwenye haki.
– Jumapili: kupumzika. Kichwa nacho kinachoka.

Haba na haba hujaza kibaba. Nusu saa kwa siku sita ni saa tatu kwa juma. Kwa miezi sita zinapita saa sabini. Hakuna usiku mmoja wa kukesha unaoweza kufikia hapo.

Kwenye mkutano ujao wa kila kikundi, tunaomba mambo mawili yawekwe mezani. La kwanza, kuhesabu watoto wa mwaka wa mwisho walio katika familia zetu, wasichana na wavulana. La pili, kuona kama sehemu ndogo ya likelemba yetu inaweza kununua vitabu vya maswali na kumlipa mwalimu mmoja wa Jumamosi. Mama atakayekuja na mtoto wake aje pia na karatasi moja ya Kiingereza, hata kama ni ya sabuni. Tutaanza na hiyo.