Maneti kwa Mkono Mmoja

Chumba cha PlayStation cha Majengo, mjini Goma, hakihitaji kibao. Kelele za goli zinakufikia ukiwa bado barabarani, viatu vikikwaruza mawe meusi ya volkano ya Nyiragongo. Ukiingia unakuta televisheni mbili tatu, benchi la mbao na kijana anayekusanya franga. Aliyefungwa anaachia maneti, kifaa cha kuchezea kinachoshikwa mikononi, mwingine anakalia nafasi yake. Mwenye mkono mmoja hakatazwi kuingia. Anasogezewa nafasi kwenye benchi, anatazama wenzake, anatoa ushauri ambao hakuna anayeufuata.

Maneti ya kawaida ilibuniwa kwa mwili wa aina moja: vidole gumba viwili juu ya vijiti viwili, vidole vya shahada kwenye vitufe vya mbele, macho yanayotofautisha rangi zote, masikio yasiyo na hitilafu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba watu bilioni 1.3, karibu 16 katika kila 100, wana ulemavu mkubwa. Goma ina sababu zake za ziada. Mapigano ya Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa M23, yaliijaza hospitali ya CBCA Ndosho majeruhi wa risasi na mabomu, na kituo cha Shirika la Umoja hutengeneza viungo bandia kwa waliopoteza mkono au mguu. Miongoni mwao wamo vijana waliokuwa wakigombea maneti kabla ya kuumia.

Ajabu ni kwamba mashine yenyewe haijui mkono. Ukibonyeza kitufe, maneti inatuma ishara. Programu inaipokea, inatazama jedwali dogo kwenye kumbukumbu, inakuta kwamba ishara hiyo maana yake ni pasi, na mchezaji anatoa pasi. Badilisha mstari mmoja wa jedwali na pasi itatoka kwenye kitufe kingine chochote. Hakuna waya unaoongezwa. Kwa miaka mingi watengenezaji wengi waliliacha jedwali hilo limefungwa, kila mchezo na amri zake. Sony ililifungua kwa PlayStation 4 nzima kupitia sasisho la Machi 2015, lililoleta pia maandishi makubwa zaidi na sauti ya kusoma menyu.

Anayetaka kuona wazo hilo kwa chuma halisi aende Petite Barrière, mpakani na Gisenyi. Wafanyabiashara wenye ulemavu wa miguu huvuka pale na baiskeli za magurudumu matatu zilizosheheni mizigo, na pedali zimehamishiwa juu, mbele ya kifua, zizungushwe kwa mikono. Mnyororo ni uleule na gurudumu halina habari ni kiungo gani kinachosukuma. Hakuna mhandisi wa Tokyo aliyewafundisha mafundi wa Goma kazi hiyo.

Kuhamisha vitufe hakutoshi, hata hivyo. Michezo mingi inadai ushikilie kitufe kimoja huku ukibonyeza kingine, au ubonyeze haraka haraka mpaka kidole kife ganzi. Kwa mwenye mkono mmoja sharti la kwanza haliwezekani, na kwa mwenye misuli dhaifu la pili ni mateso. Dawa ni mistari michache ya programu: bonyeza mara moja kuwasha, mara ya pili kuzima. Matoleo kadhaa ya FIFA yana mpangilio wa vitufe viwili tu, kompyuta ikiamua yenyewe kama hali inataka pasi fupi au krosi. Wakali wa benchi wataucheka. Lakini Celeste, mchezo wa kuruka wa mwaka 2018 unaosifika kwa ugumu, unamruhusu mchezaji apunguze mwendo wa mchezo hadi nusu, na heshima yake haijapungua. Mtu mzima mwenye afya huchukua takriban robo sekunde kuona kitu na kubonyeza. Ambaye neva zake zinahitaji nusu sekunde ana akili ileile ya mchezo. Anachokosa ni muda.

Kuna pia vifaa. Microsoft ilitoa mwaka 2018 maneti ya Xbox yenye vitufe viwili vikubwa kama visahani na matundu 19 ya milimita 3.5 nyuma yake, ambayo kila moja linapokea swichi ya nje: ya mguu, ya kiwiko, ya kidevu. Bei yake ilikuwa dola 100, pesa ambazo Majengo zina kazi nyingine za kufanya. Ila tundu hilo lina kipimo kilekile cha spika za masikioni, na swichi yenyewe ni waya mbili zinazogusana. Ndani ya maneti nyingi za kawaida kila kitufe nacho ni mguso wa namna hiyo. Fundi anayebadilisha tundu la chaji la simu kwa koleo na risasi ya kuchomelea anaweza kuutoa mguso nje ya maneti na kuupeleka sakafuni, chini ya kisigino. Kinachohitajika ni maneti chakavu, waya na mteja wa kuieleza kazi.

Rangi ni habari nyingine. Tazama Simba na Yanga: nyekundu dhidi ya kijani, juu ya nyasi za kijani. Jicho lina aina tatu za chembe zinazopokea rangi, na maelekezo ya mbili kati yake, zile za nyekundu na kijani, yako kwenye kromosomu ya X. Mwanamume ana X moja tu, hivyo kasoro ikiwepo hana akiba. Kwa wanaume wenye asili ya Ulaya Kaskazini, wenye kasoro hiyo ni karibu 8 katika 100. Kwa Waafrika kiwango ni cha chini zaidi, lakini kwenye chumba kinachojaa vijana kila jioni lazima apite mmoja anayempa adui mpira na kuitwa mzembe. Wengine hukua bila kujua. Suluhisho baya ni kupaka skrini nzima rangi mpya. Suluhisho zuri ni kuacha kuitegemea rangi peke yake: alama yenye umbo tofauti chini ya miguu, jezi moja nyeupe na nyingine nyeusi. Agosti 2021 kampuni ya EA iliahidi kutowashtaki wanaotumia hataza zake kadhaa za ufikivu, zikiwemo za kuwasaidia wasiotofautisha rangi.

Kuhusu masikio sina mengi, kwa sababu Majengo jenereta inawafanya wote kuwa viziwi. Lakini maandishi huwafaa hata wanaosikia: kampuni ya michezo ya Ubisoft iligundua kwamba mwaka 2018, ilipouza Assassin's Creed Odyssey ikiwa na maandishi ya mazungumzo yamewashwa tayari, wachezaji 95 kati ya 100 hawakuyazima.

Ugumu mkubwa umebaki kwenye simu, na simu ndiyo mashine ya wengi. Karibu kila simu ya Android ya bei nafuu inayouzwa kwenye soko la Virunga ina TalkBack, programu inayomsomea asiyeona kilichopo kwenye skrini. Inasoma ujumbe, inasoma salio. Ukifungua mchezo, mara nyingi inanyamaza. Sababu ni kwamba TalkBack husoma majina ya vitufe ambayo programu inaukabidhi mfumo wa simu, ilhali mchezo kwa kawaida huchora picha yake wenyewe, rangi juu ya rangi, bila kukabidhi jina lolote. Unity, chombo kinachotumiwa kutengeneza michezo mingi ya simu, kiliwapa watengenezaji njia rasmi ya kukabidhi majina hayo kwenye toleo lake la 2023.2. Kuitumia au kutoitumia ni uamuzi wao.

Turudi benchini. PlayStation 2 huhifadhi mipangilio kwenye kadi ya kumbukumbu. Umeme ukikatika na kadi haipo, aliyehamisha vitufe vyake anaanza upya huku foleni ikimpigia kelele. PlayStation 4 humruhusu kila mchezaji kuwa na jina lake, na mchezo ukahifadhi mipangilio yake chini ya jina hilo. Kumfungulia jina mteja wa mkono mmoja ni kazi ya dakika chache, na haihitaji intaneti.