Je, Wajua? Jozi ya Tendaguru

Je, wajua kuwa yule mjusi wa Berlin, dinosaria ambaye wabunge wetu wa Tanzania wamemuulizia zaidi ya mara moja, alifika bandari ya Lindi kwa miguu ya watu? Kati ya 1909 na 1913 wapagazi walishusha kutoka kilima cha Tendaguru zaidi ya tani 200 za mifupa, mwendo wa siku kadhaa kila safari.

Farasi wangefaa kwa kazi hiyo, ila mbung'o hakuwapa nafasi. Huyo nzi hueneza nagana: mnyama hukonda huku anakula, homa hupanda na kushuka, miguu huvimba, mwishowe huanguka.

Pasipo mbung'o, farasi wawili wa gari husimama pande mbili za mti mmoja mrefu unaotoka mbele ya gari. Kwanza hufungwa kifuani kwenye ncha ya mti, ndipo kamba za kuvutia zifungwe nyuma. Wakati wa kufungua, hizo za nyuma hutangulia. Ukipindua utaratibu, gari likiserereka hakuna wa kulizuia, linawagonga visigino.

Tendaguru, chini ya msimamizi Boheti bin Amrani, jozi ilikuwa ya binadamu. Mfupa mzito ulivikwa mianzi kama ngoma, ukaning'inizwa kwenye mti, mmoja mbele, mwenzake nyuma. Uzito ukizidi, waliongezwa wengine. Vipande vidogo vilikwenda kichwani, juu ya kata. Leo mjusi huyo amesimama Berlin, kimo chake zaidi ya mita 13.