D.O. Misiani: Mkenya ama Mtanzania?

Ukitaka kuwasha ubishi hapa Migori, taja jina la Daniel Owino Misiani halafu uulize alikuwa wa nchi gani. Hata Homa Bay watu watagawanyika. Mimi nasema wazi: alikuwa Mtanzania, lakini benga yake ni yetu.

Alizaliwa mwaka 1940 huko Shirati, mkoa wa Mara, ng'ambo tu ya mpaka ukipita Muhuru Bay. Lugha ni ileile, Kijaluo. Miaka ya 1960 alikuja Kenya na gitaa lake, akaunda bendi iliyokuja kujulikana kama Shirati Jazz. Basi kijiji cha Tanzania kikawa jina kubwa katika muziki wa Kenya!

Benga ni nini hasa? Babu zetu walipiga nyatiti, chombo cha nyuzi nane. Vijana waliposhika gitaa, vidole vilikumbuka nyatiti. Ndiyo maana gitaa la solo halitulii: linadonoa noti mojamoja, haraka haraka, huku besi ikirukaruka chini yake. Mwimbaji humaliza maneno yake, kisha anaziachia gitaa uwanja, na hapo ndipo wachezaji hupagawa. Kuna pia pakruok: mtu anatoa pesa, muziki unasimamishwa, naye anajisifu yeye na rafiki zake. (Sisi wa kwaya ya shule, sauti ya tatu, hatujawahi kusimamishwa kwa pesa!)

Umaarufu ulimfikisha Uingereza miaka ya 1980, na mwaka 1989 santuri yake ya "Benga Blast!" ikatolewa huko.

Lakini kilichomtofautisha ni mafumbo. Aliimba siasa kwa visa vya Biblia na wanyama, k.m. "Bim en Bim", yaani nyani ni nyani. Wakubwa walielewa, na zaidi ya mara moja alitiwa ndani. Hakunyamaza.

Shida ipo kwetu vijana. Tunacheza benga harusini, mafumbo yanatupita. Mjaluo wa mjini anasikia "nyani" anacheka tu, ilhali mzee pembeni anajua nyani yupi anasemwa. Misiani mwenyewe alifariki tarehe 17 Mei 2006 katika ajali ya barabarani Kisumu, kwa hiyo waliobaki wa kuuliza ni wazee hao. Mimi nimeanza na babu yangu. Wimbo mmoja umetumaliza jioni mbili, na bado tuko ubeti wa pili.