Watu wa Tiro na Agano la Udugu

Katika pwani ya Lebanoni, kusini mwa Sidoni, upo mji ambao Waarabu wauita Sur na ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili waujua kwa jina la Tiro. Maana ya jina lake la asili ni jabali, na jina lilisadifu hali, kwa kuwa mji huo katika enzi yake haukuwa ukingoni mwa bahari bali ndani yake: kisiwa cha mawe, kilichotengwa na bara kwa mlango wa maji usiofika kilometa moja. Barua moja ya mwandishi wa Misri, iliyoandikwa zaidi ya miaka 1,200 kabla ya kuzaliwa Kristo, yautaja kuwa ni mji wa baharini unaopelekewa maji kwa mashua, nao una samaki wengi kuliko mchanga. Watu waliozaliwa juu ya mwamba wa namna hiyo, wasio na konde la kulima wala chemchemi ya kutegemea, hawakuwa na budi kuishi kwa mambo matatu: bahari iwabebe, mikono yao iwe na ustadi, na neno lao liaminiwe na wageni. Katika mambo hayo matatu zimo mila zao, na katika kulivunja la tatu limo anguko lao.

Tuanze na bahari. Mji ulikuwa na bandari mbili, moja upande wa kaskazini ikielekea Sidoni, na ya pili upande wa kusini ikielekea Misri, hata pepo zikibadilika chombo kisikose mahali pa kutia nanga. Nabii Ezekieli, alipotaka kuusifu mji huu kabla ya kuulilia, hakuulinganisha na ngome wala na mlima, bali na jahazi; na sifa zake zatuonyesha jinsi vyombo vya watu wale vilivyoundwa. Mbao zilikuwa za miberoshi ya Seniri, mlingoti ulikuwa mwerezi wa Lebanoni, makasia yalichongwa kwa mialoni ya Bashani, na tanga lilikuwa la kitani cha Misri kilichotariziwa. Wavuta makasia walitoka Sidoni na Arvadi, manahodha walikuwa wenye hekima wa Tiro yenyewe, na kazi ya kalafati, ambayo kila fundi wa jahazi katika mwambao wetu aijua thamani yake, ilikuwa ya wazee wa Gebali. Desturi yao, basi, ilikuwa kumpa kila mtu kazi aliyoimudu, bila ya kuuliza kwanza amezaliwa wapi.

Kwa vyombo hivyo walifika mbali. Fedha, chuma, bati na risasi, asema Ezekieli, vilitoka Tarshishi. Farasi na nyumbu walitoka Togarma. Pembe na mpingo vililetwa na watu wa Dedani. Manukato, vito na dhahabu vilitoka Sheba. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki, asimulia ya kwamba Farao Neko aliwatuma mabaharia wa Kifoinike, ambao Watiro walikuwa miongoni mwa mabingwa wao, watoke Bahari ya Shamu waizunguke Afrika yote. Nao kila msimu wa kupanda walishuka pwani, wakapanda nafaka, wakangoja mavuno, kisha wakatweka tena, hata mwaka wa tatu wakarejea Misri kwa njia ya magharibi. Kama simulizi hiyo ni ya kweli, basi waliupita mwambao wetu sisi, karne nyingi kabla ya jahazi la kwanza la Waarabu kutajwa katika maandishi.

Ustadi wa mikono yao ulijulikana zaidi kwa rangi ya urujuani. Katika bahari yao wamo konokono ambao miilini mwao mna tezi ndogo yenye utomvu, nao utomvu huo upatapo hewa na mwanga hugeuka kutoka umanjano hata kuwa zambarau isiyochujuka. Mwaka 1909 mkemia Paul Friedländer alitumia konokono 12,000 ili apate gramu 1.4 tu ya rangi safi. Msomaji na apime mwenyewe, joho moja la mfalme liligharimu viumbe wangapi, na wavuvi wangapi waliamka alfajiri kwa ajili yake. Kazi yenyewe ilikuwa ya uvundo: konokono walipondwa, wakatiwa chumvi, wakachemshwa siku nyingi. Strabo, mwanajiografia wa zama za Kaisari Augusto, asema ya kwamba wingi wa viwanda hivyo uliufanya mji usipendeze kukaa, ingawa ndio uliouletea utajiri. Na aongeza ya kuwa nyumba za huko zilisemwa kuwa na orofa nyingi kuliko nyumba za Rumi. Hivyo vazi ambalo wafalme wa mbali walilivaa kwa adhama, watu wa Tiro waliliishi kwa pua zao kila siku.

Mungu wao mkuu aliitwa Melkarti, maana yake mfalme wa mji, na pamoja naye waliabudu Ashtarte. Herodoto alifika katika hekalu la Melkarti na kuona nguzo mbili, moja ya dhahabu safi na ya pili ya zumaridi iliyong'aa usiku. Kila mwaka, majira ya baridi yalipokaribia kwisha, waliadhimisha kuamka kwa mungu huyo, sikukuu ambayo mapokeo yasema ilianzishwa na mfalme Hiramu. Watoto wa mji waliokaa ughaibuni hawakuisahau ibada hiyo. Karthago, mji ambao mapokeo yasema uliasisiwa mwaka 814 K.K. na Elisa, binti wa ukoo wa kifalme wa Tiro, ulituma wajumbe wenye sadaka katika hekalu la mji mama, na hapo kale ulitoa hata sehemu ya kumi ya mapato yake. Mtoto alikuwa na nguvu kuliko mama, na bado alimjia na zawadi mkononi. Hiyo ni adabu ambayo watu wengi waliostaarabika wameipoteza.

Wafu wao waliwaaga bila ya makuu. Katika makaburi ya al-Bass, yaliyofukuliwa na wataalamu tangu mwaka 1997, imeonekana ya kuwa miili ilichomwa kwa moto, majivu na mifupa vikatiwa mitungini, na kando ya mitungi vikawekwa birika na kikombe, kana kwamba marehemu asikose kinywaji safarini. Makaburi mengi yafanana. Mtu aliyeshinda dunia kwa tijara aliingia kaburini na vyombo vile vile vya jirani yake. Na jambo jingine walilotuachia ni herufi: alama 22 tu za konsonanti, zilizoandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, ambazo Wagiriki walizipokea wakazitia irabu, na kutoka kwao zikafika kwa Warumi, hata leo herufi hizi tunazoandikia Kiswahili zatoka katika ukoo huo.

Lakini hazina yao kubwa kuliko zote ilikuwa neno lao. Daudi alipotaka kujenga nyumba, Hiramu alimpelekea mierezi, maseremala na waashi. Na Sulemani alipotaka kujenga hekalu, wafalme hao wawili walifanya mapatano, magogo yakafungwa mafungu yaelee baharini, na kwa malipo Sulemani akatoa kila mwaka kori 20,000 za ngano pamoja na mafuta safi. Wapo waliokuwa na miti na hawana chakula, wapo waliokuwa na chakula na hawana miti. Kila mmoja akamtimizia mwenziwe. Hata Hiramu alipopewa miji 20 ya Galilaya isiyompendeza, alilalamika, lakini alimwita Sulemani ndugu yangu, na urafiki haukuvunjika.

Neno hilo la udugu ndilo lililowahukumu wajukuu. Amosi, mchungaji wa Tekoa, hakuilaumu Tiro kwa utajiri wake. Aliilaumu kwa kuwa iliwatia watu wa jamii nzima mikononi mwa Edomu, wala haikulikumbuka agano la udugu. Yoeli naye alilia kwamba wana wa Yuda waliuzwa kwa Wagiriki. Na Ezekieli, katika orodha ile ile ya fedha, farasi na pembe, alizitaja roho za wanadamu, zikibadilishwa kwa bidhaa pamoja na vyombo vya shaba. Wafanya biashara waliokuwa na mizani ya kila kitu walimpima na mtu, na mtu akipimwa kwa mizani hapana tena kitu kisichouzwa, hata ahadi.

Nebukadreza, mfalme wa Babeli, aliuhusuru mji miaka 13, asiuchukue kwa upanga. Mwaka 332 K.K. akaja Aleksanda Mkuu. Alipokataliwa kutoa sadaka katika hekalu la Melkarti kisiwani, alibomoa mji wa kale uliokuwa bara, akayatupa mawe yake baharini, akajenga njia hata kisiwani. Mazingiwa yalidumu miezi saba. Mji ulipoanguka, wajumbe wa Karthago walioijia sikukuu walikutwa wamekimbilia hekaluni, na maisha yao yakanusurika pamoja na ya mfalme. Bali watu wapatao 30,000, kama mwanahistoria Ariano aandikavyo, waliuzwa utumwani. Mji uliouza watu uliuzwa.

Tangu siku hiyo mchanga umejilimbikiza kandokando ya njia ya Aleksanda, na kisiwa kimekuwa rasi. Karibu karne nne baada ya Aleksanda, Mtume Paulo alishuka hapo kwa chombo kilichokuwa na shehena, akakaa siku saba. Siku ya kuondoka, waumini wa Tiro pamoja na wake zao na watoto walimsindikiza nje ya mji, wakapiga magoti ufuoni, wakaomba, wakaagana. Habari hiyo haitaji kuuza wala kununua. Wazee wetu wanaofundisha vijana biashara na wawafundishe na habari hii: bandari yaweza kujengwa upya baada ya vita, na Tiro ilijengwa upya mara nyingi, lakini mtu anayemtia ndugu yake katika orodha ya bidhaa ameliandika humo jina lake mwenyewe.