Saa za Tiketi na Saa za Dawa: Mgonjwa Anaposafiri kutoka Nairobi hadi New York

Tangu Oktoba 2018, msafiri anaweza kuruka kutoka uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi ule wa John F. Kennedy, New York, bila kutua popote njiani. Umbali ni takriban kilomita 11,800. Kwenda huchukua saa 15 hivi. Kurudi hupungua kwa muda wa kama saa moja, kwa kuwa upepo mkali wa juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege.

Tiketi, hata hivyo, huonyesha saa za kila mji. Tuseme imeandikwa kuondoka saa 5 usiku na kuwasili saa 12 asubuhi. Asiyezoea atahesabu saa saba. Saa nane zimejificha katika tofauti ya saa kati ya miji hiyo wakati wa baridi ya Marekani. Wakati wa joto tofauti hiyo huwa saa saba. Mwenye afya njema atasumbuliwa na usingizi tu.

Mgonjwa wa kifafa anayemeza kidonge saa 2 asubuhi na saa 2 usiku yuko katika hali nyingine. Amemeza cha usiku kabla ya kupanda ndege. Akisubiri saa 2 asubuhi ya New York, zitakuwa zimepita saa 20 badala ya 12, na kifafa chaweza kumwamkia ugenini. Heri aiache saa yake ya mkononi ikisoma Nairobi, ameze kidonge kinachofuata akiwa angani, saa sita hivi kabla ya kutua, kisha ahamie saa za ugenini kwa utaratibu aliopangiwa na daktari.

Kwa mwenye kisukari hesabu ni ngumu zaidi. Kwenda magharibi hurefusha siku yake hadi saa 32. Kurudi huifupisha hadi 16. Akijichoma insulini ya siku nzima kwa kufuata saa ya ukutani anaporudi, dozi mpya hukuta mabaki ya ile ya jana, na sukari yaweza kushuka kwa hatari. Aina za insulini hutofautiana, hivyo kipimo kipangwe kliniki mapema, tiketi ikiwa mezani. Insulini yenyewe isiwekwe katika mizigo ya chini ya ndege, ambako yaweza kuganda kwa baridi na kuharibika. Ibebwe mkobani pamoja na barua ya daktari.

Limesalia suala la miguu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2007 kwamba hatari ya damu kuganda katika mishipa ya ndani huongezeka takriban mara mbili baada ya safari ya saa nne au zaidi, ingawa kwa mtu mzima mwenye afya hubaki ndogo, kama mmoja kati ya 6,000. Kutembea ndani ya ndege na kukunja vifundo vya miguu husaidia. Aliyewahi kugandwa na damu, aliyefanyiwa upasuaji karibuni au mjamzito amwone daktari kabla ya kulipia tiketi, wala asijiandikie aspirini.