Robo na robo siyo 2/8: Hisabati ya sehemu kwa makofi na nota

Leo naomba tuachane na siasa kidogo, tuongelee Hisabati. Usikimbie! Mimi mwenyewe nilimaliza kidato cha nne na F ya Hisabati, kwa hiyo hapa hakuna mtaalam. Kuna mtu aliyeanguka tu, akarudi kuangalia alipojikwaa.

Jumamosi mchana huwa nafundisha kwaya ya watoto kigangoni kwetu, upande wa Dongobesh, Mbulu. Wengi wako darasa la nne na la tano. Siku moja nikamkuta mmoja amekaa nje na daftari, analia. Kakosa maswali yote ya sehemu. Swali la kwanza lilikuwa 1/4 + 1/4. Jibu lake: 2/8. Jamani, nilishtuka, maana hilo ndilo lilikuwa jibu langu miaka ile, na fimbo zake nazikumbuka mpaka leo.

Sasa cha ajabu ni hiki. Mtoto huyu huyu humsaidia mama yake kuuza kitunguu saumu gulioni. Mwambie akupimie robo kilo, halafu aongeze robo nyingine, anajua kabisa hiyo ni nusu kilo, na chenji hakosei. Kwa hiyo sehemu anazijua. Asichokijua ni kwamba zile namba mbili, moja juu na moja chini ya mstari, ndiyo robo yake ile ile ya kwenye mizani. Yeye anaona 1 na 1 juu, anajumlisha. Anaona 4 na 4 chini, anajumlisha pia. Kwake ni namba nne, siyo vitu viwili.

Nikaona nijaribu kwa makofi. Ukitaka kujaribu nyumbani, fanya hivi.

Kwanza, piga mapigo manne yaliyo sawa: dum, dum, dum, dum. Dumu tupu la maji linatosha, ngoma siyo lazima. Hayo manne kwa pamoja ndiyo kitu kizima, yaani 1. Basi kila dum ni robo, 1/4. Dum mbili ni nusu.

Pili, ndani ya pigo moja tia makofi mawili yaliyo sawa. Sisi tunasema "mbu-zi". Kila kofi hapo ni nusu ya robo, yaani 1/8. Ukitaka makofi manne ndani ya pigo moja, sema "ki-tu-ngu-u". Kila moja ni 1/16. Watoto wanaona wenyewe kwamba namba ya chini ikikua, kofi linakuwa fupi. Wengi wanakosea hapo, wanadhani 1/8 ni kubwa kuliko 1/4 kwa sababu 8 ni kubwa kuliko 4.

Tatu, rudi kwenye lile swali. Piga dum mbili: 1/4 na 1/4. Halafu piga 2/8, yaani "mbu-zi" mara moja. Niliwauliza, ni sawa? Wakapiga kelele wote, "Hapana, imekatika!" Hakuna aliyewaeleza. Daftari lilikubali kosa bila kusema kitu, lakini sikio lilikataa. Hapo ndipo nikaandika ubaoni: asili, ile namba ya chini, inasema kofi ni la urefu gani, na kiasi, ile ya juu, inasema yako mangapi. Makofi ya urefu mmoja unahesabu tu. Urefu haujumlishwi.

Ukifika hapo, nota siyo uchawi tena. Kwaya zetu nyingi husoma sol-fa, zile herufi d r m f s l t. Mfumo huu ulianzia kwa mwalimu Sarah Glover wa Norwich, Uingereza, na mchungaji John Curwen akauendeleza kuanzia miaka ya 1840. Wamisionari wakaja nao Afrika. Alama mbili : zinatenganisha pigo na pigo. Nukta . inakata pigo nusu kwa nusu. Mkato , unakata robo. Kistari – kinasema endelea kushikilia sauti. Kwa hiyo ukikuta d :d.r |m :– unaimba do pigo zima, kisha do na re nusu nusu, halafu mi kwa mapigo mawili.

Angalia kitu kimoja. Nusu pigo kwenye sol-fa, kwenye nota za mistari mitano inaitwa moja ya nane. Nani mwongo? Hakuna. Sol-fa inaangalia pigo moja, ile nyingine inaangalia mapigo manne. Nusu ya robo ni moja ya nane: 1/2 × 1/4 = 1/8. Mtoto akishajua kuuliza "sehemu ya nini?", amemaliza nusu ya kazi.

Kuna utamu mwingine. Tulipoalikwa na kwaya ya watoto wenzetu Katesh, chini ya mlima Hanang, tulijaribu makofi sita. Wa Mbulu wakasema "MBU-zi MBU-zi MBU-zi", wa Katesh "MA-zi-wa MA-zi-wa", kofi kwenye silabi ya kwanza tu. Wote wana silabi sita, lakini hawa wanapiga matatu na wale mawili. Wanakutana pale mwanzo, kila baada ya sita. Sita ni nini? Ndiyo KDS ya 2 na 3! Na ndiyo maana kwenye Hisabati 6/8 na 3/4 ni sawa, ila kwenye muziki ni miondoko miwili tofauti. Wapiga ngoma wetu wanayachanganya hayo bila kushika chaki.

Siyo mimi tu ninayesema. Mwaka 2012 Susan Courey na wenzake walichapisha utafiti wa California, Marekani, kwa wanafunzi 67 wa darasa la tatu. Waliojifunza sehemu kwa makofi, ngoma na nota kwa wiki 6 walifanya vizuri kuliko wenzao waliosoma kwa njia ya kawaida.

Nisiwadanganye lakini. Makofi yanasaidia sana kwenye nusu, robo na nane. Ukifika 3/7 toa 2/5, rudi kwenye daftari tu. Yule mtoto wangu bado anakosea kugawanya sehemu kwa sehemu. Ila 1/4 + 1/4 hakosi tena. Anagonga kwanza kwa kidole, ndipo anaandika.

Walimu mnaonisoma, nawaomba kwa heshima: mkisikia mtoto anagonga dawati, msikimbilie fimbo. Huenda anahesabu.

Mnasemaje wadau? Nyie mlifundishwaje sehemu? Mwageni maoni hapo chini. Tupo pamoja.