Njaanuari Huzaliwa Desemba

Lugha yetu haichoki kuzaa. Katika miaka ya karibuni Wakenya wamelichukua neno njaa, wakalibandika kwenye jina la mwezi wa kwanza, wakapata Njaanuari. Ni mzaha, naam, lakini mzaha wenye meno. Huu ndio mwezi ambapo mzazi hubisha mlango wa mwalimu mkuu na kuomba asubiriwe hadi mwisho wa mwezi. Ndio mwezi ambapo mwenzetu hukosekana darasani wiki ya kwanza, na ya pili, na akirudi anakuta tumefika mada ya tatu katika Hisabati, anabaki kunakili daftari za watu usiku. Wengi huutupia mwezi lawama. Ukweli ni kwamba Januari haina hatia yoyote. Mtoto huyu huzaliwa Desemba, na mimba yake hutungwa kitambo kabla ya hapo.

Hebu tuanze na hesabu ya siku. Waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema, tarehe 20 hivi, ili wafanyakazi wapate cha kuendea nyumbani. Jambo jema, na kila mtu hushangilia. Lakini mshahara unaofuata hauji mapema. Unakuja mwisho wa Januari. Hesabu mwenyewe: siku 11 zilizobaki za Desemba, ongeza 31 za Januari, unapata siku 42. Mshahara ni ule ule wa mwezi, ila mwezi wenyewe umenyooshwa kama ulimbo.

Chukulia mzazi anayepata Sh30,000. Katika mwezi wa kawaida wa siku 30, ana Sh1,000 kwa siku. Katika mwezi huu wa siku 42, ana Sh714 tu, na hapo bado hajanunua hata kilo ya mchele wa sikukuu. Sasa tuseme ametumia Sh15,000 katika wiki moja ya sherehe: nauli, nguo za watoto, soda, kuku, na vijisababu vya shangazi na binamu. Zimebaki Sh15,000 za siku 35, yaani Sh428 kwa siku. Mtu huyu hajafanya uhuni wowote. Hajalewa wala hajacheza kamari. Amesherehekea tu kama jirani yake, na tayari anaishi kwa chini ya nusu ya kawaida yake.

Kwa wasio na mshahara mambo ni mengine. Mwenye kibanda cha mboga mtaani hupata wateja wengi mwanzoni mwa Desemba, kisha mtaa unahama kwenda mashambani, naye anabaki akiwafukuza nzi. Fundi cherehani hupata kazi nyingi kabla ya Krismasi na tena shule zinapofunguliwa. Dereva wa matatu hucheka mwezi mzima. Kwa hiyo usikubali mtu akuambie eti ushauri mmoja wa akiba huwafaa watu wote. Kwanza uliza pesa za nyumba hiyo huingia siku gani.

Juu ya hayo yote huja karo, na hapa ndipo sisi wanafunzi tunahusika moja kwa moja. Mwaka 2015 serikali ilitangaza kwamba karo ya mwaka mzima katika shule za bweni za umma isizidi Sh53,554. Karo hugawanywa kwa mafungu matatu ya asilimia 50, 30 na 20, muhula wa kwanza ukibeba nusu nzima. Kwa kiwango hicho, mzazi anatakiwa kutoa Sh26,777 Januari, Sh16,066 muhula wa pili na Sh10,711 muhula wa tatu. Yaani mzigo mkubwa kuliko yote unamwangukia mtu katika siku ambazo mfuko wake ni mwembamba kuliko siku zote. Na kama ana mtoto anayeingia sekondari kwa mara ya kwanza, ongeza godoro, sanduku, sare, viatu, ndoo na blanketi.

Basi pesa hizo hupotelea wapi?

Tundu la kwanza ni nauli. Kila mwaka, wiki ya Krismasi, nauli za kwenda magharibi, Nyanza na Pwani hupanda, na Januari watu wanaporudi mijini hupanda tena. Familia ya watu watano ikiongezewa Sh500 kwa kila kichwa, imepoteza Sh2,500 kwa safari moja, na ikirudi hali ni ile ile, Sh5,000 zimekwenda. Dawa yake si ngumu. Shule hufungwa wiki kadhaa kabla ya Krismasi, wakati steji bado zina utulivu. Watoto wanaweza kutangulia kwa nyanya na babu, wakasaidie kuvuna mahindi, na wazazi wafuate baadaye. Badala ya tiketi tano za bei ya juu, zinalipwa mbili. Tena nyanya hufurahi zaidi kwa wiki tatu za msaada kuliko kwa siku tatu za kelele.

Tundu la pili ni dogo hata halionekani. Ni lile la kununua kila kitu kwa kupima. "Mama, niwekee mafuta ya mbao." Tuseme Sh20 hukupa mililita 50 za mafuta ya kupikia. Hiyo ni sawa na Sh400 kwa lita. Kama lita nzima dukani ni Sh300, basi anayepima analipa theluthi moja zaidi kuliko jirani yake mwenye chupa kubwa. Ajabu ya dunia hiyo: maskini hununua ghali kuliko tajiri. Lakini tusiwe wepesi kuhukumu. Anayepima hapimi kwa kupenda. Hana Sh300 kwa mara moja. Na wapo wanaonunua lita wakajimwagia hadi chapati zikaogelea, lita ikaisha kwa wiki. Njia inayofaa ni majirani wawili au watatu kuchanga, kununua dumu moja, na kugawana kwa kipimo. Ghala la jumla lipo karibu kila mji, na hapo mfuko wa unga wa ngano au sukari hugawanyika vizuri tu.

Hapa tunafika kwenye elimu ambayo Waswahili waliijua kabla benki hazijajaa mjini, nayo ni upatu. Watu kumi wanakubaliana kutoa Sh500 kila wiki. Kila wiki mmoja anachukua zote, Sh5,000. Baada ya wiki kumi kila mmoja ametoa Sh5,000 na kupokea Sh5,000. Mtu atauliza, sasa faida iko wapi? Mtazame wa kwanza: amepata Sh5,000 akiwa ametoa 500 pekee. Huyo amekopeshwa bila riba. Mtazame wa mwisho: ametoa wiki tisa bila kuonja, kisha akapokea. Huyo ameweka akiba, na aibu ya kuwaangusha wenzake ndiyo kufuli lake. Kwa hiyo anayejiandaa kwa sikukuu asigombanie zamu ya kwanza. Zamu yake ni ya mwisho, na upatu wa wiki kumi unaoanza katikati ya Septemba humfikisha mwishoni mwa Novemba. Hatari ya upatu twaijua sote: mtu akishapokea anahama mtaa. Ndiyo maana ya kuucheza na watu unaowajua mpaka kwao.

Kuna aina nyingine, ile ya sanduku. Mfano unaojulikana sana ulianzishwa mwaka 1991 na shirika la CARE pamoja na wanawake wa eneo la Maradi nchini Niger, kisha ukaenea nchi nyingi za Afrika, yetu ikiwemo. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo zake hukaa kwa watu watatu tofauti, hivi kwamba hakuna mmoja anayeweza kulifungua peke yake. Wanachama huweka akiba kila mkutano, hukopeshana humo humo kwa riba ndogo, na baada ya miezi tisa hadi kumi na miwili hulivunja sanduku na kugawana akiba pamoja na faida. Vikundi vingi huvunja Desemba. Maoni yangu, na najua wajomba watanipinga, ni kwamba wangefanya vyema kuvunja wiki ya kwanza ya Januari. Pesa ile ile ikigawanywa tarehe 18 Desemba inageuka nyama. Ikigawanywa tarehe 3 Januari inageuka karo.

Kwa kuwa nimetaja nyama, siwezi kumpita ng'ombe wa Krismasi. Mitaani na vijijini watu huanza mapema kuchanga kwa ajili ya fahali mmoja. Chukulia familia 20, kila moja Sh200 kwa wiki. Hizo ni Sh4,000 kwa wiki, na wiki 12 zinakupa Sh48,000. Wenye busara hawangoji Desemba kununua, maana wakati huo kila mwenye ng'ombe anajua unamtaka, na bei yake inapanda kabla hata hujafungua kinywa. Hununua Oktoba, wakamkabidhi mwanachama mwenye malisho, naye hulipwa kwa fungu la ziada siku ya kuchinja. Mgao nao una kanuni zake. Nyama huwekwa mafungu 20 yaliyochanganywa, mfupa na mnofu, na kila fungu hupewa namba ya kuokota. Kichwa, miguu, matumbo na ngozi huuzwa kwa mnada baina ya wanachama na pesa kurudi kwenye mfuko. Pasipo kanuni hiyo, ndugu msomaji, vita vya matumbo havina msuluhishi. Nimesikia majirani wasioamkuana hadi Pasaka kwa sababu ya ini.

Asiyejiunga na lolote kati ya haya, mara nyingi hukimbilia simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012, ilitoza ada ya asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Inasikika kidogo: ukikopa Sh2,000, unarudisha Sh2,150. Lakini hiyo ni ada ya mwezi mmoja. Anayekopa na kulipa na kukopa tena kila mwezi wa mwaka, kwa kiwango hicho atakuwa amelipa asilimia 90. Fuliza ilikuja Januari 2019, nayo humruhusu mtu kulipa zaidi ya salio lake. Pesa yoyote inayoingia baadaye hukatwa deni kwanza. Mtu ametumiwa Sh1,000 na kaka yake za kununua vitabu, anafungua simu, anakuta zimemezwa na soda za sikukuu. Mkopo wa kumpeleka mgonjwa hospitalini una maana yake, hilo silipingi. Lakini kukopa ili kumnunulia mgeni soda kreti mbili ni kumkaribisha kwa pesa ambazo hujazipata bado.

Wenzetu Waislamu wana fumbo zuri zaidi la hesabu. Mwaka wa Kiislamu ni mfupi kwa siku 11 hivi kuliko huu wa kalenda ya ukutani, kwa hiyo Idi haikai mahali pamoja. Anayeweka akiba ya Idi kwa kuhesabu miezi 12 ya kawaida atachelewa. Kwa mujibu wa hesabu za mwezi, mwaka 2030 Ramadhani inatarajiwa kuanza mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Familia zinazosherehekea Idi zitakuwa na futari, nguo za watoto na karo katika majuma yale yale. Wenye kuona mbali waanze sasa.

Je, mwanafunzi asiye na mshahara afanye nini? Afanye lililo rahisi na ambalo wengi wetu tunalidharau: aandike. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua daftari lililobaki kurasa, likizo ikianza tu, uwe karani wa nyumba. Kila jioni andika kilichonunuliwa na bei yake. Usimsute mtu. Usimwambie mama kwamba ametumia vibaya, utajuta. Andika tu, na baada ya wiki mbili soma kwa sauti baada ya chakula. Nyumba nyingi hushangaa kusikia kwamba mandazi ya asubuhi yamekula kuliko umeme, au kwamba baba ametuma "kidogo kidogo" kwa watu saba.

La pili, kagua mali yako kabla ya kudai mpya. Mwaga sanduku lote chini. Sweta ikishonwa kiwiko itamaliza mwaka. Kitabu cha fasihi ulichomaliza kukisoma, mwanafunzi wa darasa la chini anakitafuta, na yuko mwingine wa juu mwenye kile unachokihitaji. Badilishaneni kabla shule haijafungwa, maana likizo ikianza kila mtu yuko kwao. Kinachobaki ndicho cha kununua, na kinunuliwe Novemba. Januari maduka ya sare yana foleni hadi barabarani, saizi yako imekwisha, na hakuna anayekubali kupunguziwa bei. Novemba muuzaji ana nafasi ya kukuitia kiti, na fundi wa nguo akipokea suruali yako asubuhi, jioni iko tayari.